Filamu hizi si za wasomi peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa humu mwezi uliopita, ambayo mwandishi wake alidai kuwa filamu zinazosifiwa na wahakiki wa dunia haziwezi kupata watazamaji Dar es Salaam, kwa sababu mtazamaji wetu amezoea mapigano na mapenzi na hana subira ya kukaa mbele ya filamu inayokwenda taratibu. Ninamheshimu mwandishi huyo, na mengi aliyoyasema kuhusu uhaba wa kumbi za sinema jijini ni ya kweli. Katika hili la subira, hata hivyo, sikubaliani naye hata kidogo, na ushahidi wangu unatoka sebuleni kwangu, Magomeni, ambako kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nimekuwa nikizitazama filamu hizo pamoja na watu wa nyumbani kwangu.

Orodha tuliyoifuata ni ile ya jarida la Sight and Sound, linalotolewa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Tangu 1952 jarida hilo limekuwa likiwaomba wahakiki, kila baada ya miaka 10, wataje filamu 10 wanazoziona kuwa bora kuliko zote, na katika kura ya 2022 waliojibu walizidi 1,600. Kuanzia 1962 hadi 2002 nafasi ya kwanza ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles. 2012 ikachukuliwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock. Na 2022 ikaenda kwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kufika hapo. Nilipostaafu ualimu, mwanangu anayefanya kazi nje ya nchi alininunulia diski za filamu nyingi za orodha hiyo, akaniletea na projekta ndogo, nasi tukatundika shuka jeupe ukutani. Hadi ninapoandika barua hii tumetazama filamu 37 kati ya 100.

Watazamaji wenyewe ni mke wangu, dada yangu mkubwa ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alipika maandazi na chapati za kuuza, wajukuu wawili, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Ukiniondoa mimi na mjukuu mkubwa, hakuna anayeweza kusoma Kiingereza kwa kasi ya maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, kwa hiyo ilinibidi niyasome na kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti, huku filamu ikiendelea. Wakazi wa jiji hili wanaifahamu kazi hiyo. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanawakumbuka watafsiri kama Lufufu, ambao sauti zao zilizigeuza filamu za China, India na Marekani zikawa hadithi za kwetu. Sina kipaji chao cha kuchangamsha ukumbi, lakini kufikia filamu ya tatu wasikilizaji wangu walikuwa wameshasahau kuwa nipo.

Nianze na hiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ambayo mwandishi wa makala aliitaja kama mfano wa filamu isiyowezekana kwetu. Jeanne Dielman ilitoka 1975, mwongozaji wake akiwa na umri wa miaka kama 25 tu, na ina dakika 201. Inamfuata kwa siku tatu mjane wa Brussels, anayeigizwa na Delphine Seyrig, akitandika kitanda, akiosha vyombo, akimenya viazi, akimwandalia mwanawe wa kiume chakula cha jioni, na kila alasiri akimpokea chumbani mwanamume anayemlipa. Kamera haisogei, imewekwa mahali pake, inamtazama mama huyu kazini na kumsubiri amalize. Nakiri kwamba baada ya saa moja mimi, niliyesoma sifa zote za filamu hiyo kabla ya kuitazama, nilikuwa natafuta njia ya heshima ya kuizima. Aliyenizuia ni dada yangu. "Iache, Mwalimu," alisema. "Huyu mama jikoni anajua anachokifanya, nataka nimwone."

Alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Alikuwa akiona vitu ambavyo macho yangu yalivipita: namna anavyozima taa kila anapotoka chumbani, namna kila chombo kinavyorudi mahali pake, namna mikono isivyofanya safari ya bure. Siku ya pili ya hadithi, mgeni wa alasiri alipoondoka, Jeanne alirudi jikoni akakuta viazi vimepitiliza. Akaishika sufuria, akaenda nayo chumba hiki na kile, kana kwamba amesahau mahali pa kuiweka. Mimi sikuona lolote zaidi ya mwanamke mwenye sufuria. Dada yangu alijiinua kutoka kwenye mto aliokuwa ameuegemea. "Amechelewa," akasema. "Huyu hachelewi. Leo ana jambo." Kuanzia hapo yeye ndiye aliyetuongoza, akitutajia kila kitu kilichokwenda kombo: nywele zisizokaa, kifungo kilichosahauliwa, kijiko kilichokwisha kuoshwa kikamponyoka mkononi. Ilipofika saa ya tatu ya filamu hata wajukuu walikuwa wameshika magoti yao. Mwisho wa filamu hiyo sitausema, kwa kuwa natumaini wasomaji wako wataiona siku moja. Nitasema tu kwamba mambo yalipotokea sisi wengine tulishtuka sote, na dada yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua tangu viazi."

Baadaye nilisoma maandishi ya wahakiki waliosomea filamu katika vyuo vikuu, nao wanaelekeza kidole palepale, kwenye viazi. Walihitaji kurasa nyingi kufika huko. Dada yangu, ambaye hakuwahi kupita darasa la nne, alifika kwa sababu anaijua kazi ya jikoni, na filamu hiyo ilitengenezwa na mtu aliyeiheshimu kazi hiyo kiasi cha kuionyesha jinsi ilivyo. Nani basi mwenye haki ya kusema kuwa si filamu yake?

Kwa maoni yangu, hata hivyo, filamu iliyo bora kuliko zote katika orodha ni ile iliyoshika nafasi ya nne, Hadithi ya Tokyo ya Yasujiro Ozu, ya 1953. Wazee wawili wanasafiri kutoka mji mdogo wa Onomichi kwenda kuwatembelea watoto wao jijini Tokyo. Mtoto mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, na wote wana shughuli. Hakuna anayewatukana wazee wala kuwanyima chakula. Wanawekwa tu pembeni kwa adabu, na hatimaye wanachangiwa fedha wapelekwe kwenye hoteli ya mapumziko huko Atami, ambako kelele za vijana zinawanyima usingizi. Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Ozu anaiweka kamera chini sana, usawa wa mtu aliyekaa kwenye mkeka, na sisi tuliokuwa tumekaa mkekani tulihisi kwamba tumekaribishwa chumbani mle.

Kuna mahali ambapo mume wa yule mwenye saluni anawaletea wazee keki, na mkewe, mtoto wa kuwazaa, anamlaumu kwa kununua za bei kubwa. Mke wangu alipiga kite. Baadaye, mama akishazikwa, ni binti huyohuyo anayeulizia nguo za marehemu kabla watu hawajamaliza kula. Ni watu wangapi katika jiji hili waliowapokea wazazi kutoka mkoani, wakawakalisha mbele ya runinga na kuwaambia kwamba watarudi jioni? Baba yangu alikuja kutoka Lindi 1994, akakaa kwangu siku tisa, na katika siku hizo nilimpeleka kuiona feri ya Kigamboni mara moja tu, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Hakulalamika. Alisema, kama wasemavyo wazee wa Ozu, kwamba amefurahi na kwamba watoto wake wana kazi nyingi. Nilipofika sehemu hiyo sauti yangu ya kutafsiri ilikatika, na mjukuu wangu mkubwa akapokea kazi mpaka mwisho.

Wezi wa Baiskeli ya Vittorio De Sica, ya 1948, ambayo ndiyo iliyoongoza kura ya kwanza kabisa, haikuhitaji maelezo yoyote. Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo Roma, na kazi haiwezekani bila baiskeli, nayo iko rehani. Mkewe anaving'oa vitanda shuka ili ziwekwe rehani badala yake, na karani wa duka anapanda rafu ndefu kuupeleka juu mzigo huo, ambako tunaona marundo kwa marundo ya shuka za familia nyingine. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi. Kijana yeyote anayeendesha bodaboda ya mkataba hapa mjini, anayejua kwamba chombo kikiibwa deni linabaki, angeitazama filamu hiyo akiwa amesimama.

Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya 1955, tuliianza kwa matarajio yasiyo yake. Watu wa umri wangu tulizikulia filamu za Kihindi katika kumbi kama Avalon na Empire, na dada yangu alisubiri nyimbo kwa karibu nusu saa. Nyimbo za namna ile hazimo. Kuna umaskini wa familia moja ya kijijini Bengali, mama aliyechoka, na bibi kizee Indir aliyepinda mgongo, anayefukuzwa na kurudi na vitu vyake vichache. Watoto Apu na Durga wakakimbia katikati ya majani marefu kwenda kuliona treni, na hapo hakuna aliyeulizia nyimbo tena.

Sitaki mhariri adhani kwamba ninapiga magoti mbele ya kila jina lililomo katika orodha. Citizen Kane niliitazama mara mbili, nikaona ustadi wa Gregg Toland aliyeshika kamera, jinsi mtu aliye mbele na mtu aliye mbali wanavyoonekana wote kwa uwazi uleule katika picha moja, na moyo wangu ukabaki pale ulipokuwa. Vertigo sijaipenda, na nyumba nzima haikuipenda. Mwanamume anamlazimisha mwanamke abadilishe nguo na rangi ya nywele ili afanane na mwanamke mwingine aliyemdhania amekufa, na kamera inamhurumia yeye kuliko huyo mwanamke. Wanaosema kuwa filamu inamshutumu nimewasoma, na sijaridhika. Beau travail ya Claire Denis, iliyo katika nafasi ya saba, imepigwa Djibouti, na picha zake za askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa wakifanya mazoezi juani ni nzuri ajabu. Lakini wenyeji wa Djibouti wanasimama pembeni wakiwatazama, wanacheka, wanauza bidhaa, wanacheza muziki, na karibu hawaambiwi wala hawasemi kitu. Mwafrika akiitazama filamu hiyo anatafuta mahali pa kukaa na hapati.

Hilo linanifikisha kwenye filamu zilizoongozwa na Waafrika wenyewe, ambazo katika filamu zote 100 ni mbili tu, na zote ni za Senegal. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, wajukuu waliipenda kuliko filamu yoyote nyingine: vijana wawili wa Dakar, pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, ndoto ya Paris, na bandarini, meli ikiwa tayari, mmoja anapanda na mwingine anageuka kukimbia. Ya pili ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966. Ni fupi, ina kama saa moja tu, na ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Diouana, anayeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kutoka Dakar hadi Antibes akiamini kwamba anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na sakafu. Anafanya usafi akiwa amevaa gauni lake zuri na viatu vya visigino, na mama mwenye nyumba anamwamuru avivue. Inafika barua kutoka kwa mama yake, na kwa kuwa hajui kusoma, inasomwa na bwana mwenye nyumba. Kisha bwana huyo anachukua kalamu na kuanza kuandika majibu kwa niaba yake, bila kumuuliza, akisema kwamba yu mzima na kwamba anatendewa vema. Diouana anaichana barua.

Filamu ilipokwisha, chumba kilikuwa kimya, na binti anayetusaidia kazi, ambaye kwa kawaida hukaa karibu na mlango na hasemi neno, aliomba turudie sehemu ya barua. Tukairudia. Akaniuliza, "Mwalimu, yule baba anaandika anayoyataka dada au anayoyataka yeye?" Nikamjibu kwamba anaandika anayoyataka yeye. "Nilidhani hivyo," akasema, "ila nilitaka kuwa na hakika." Kisha akainuka kwenda kuanua nguo. Nimesahihisha karatasi za fasihi za kidato cha sita kwa miaka mingi, na ni mara chache nimekutana na swali linalokwenda moja kwa moja kwenye kiini cha kazi ya sanaa kama hilo.

Usiku ule sikulala vizuri, Mhariri, kwa sababu swali lilinihusu na mimi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikisema kwa niaba ya watu walio kwenye shuka ukutani, na wasikilizaji wangu hawakuwa na njia ya kujua kama ninayoyasema ni yao au ni yangu. Katika Jeanne Dielman nililainisha mazungumzo ya mama na mwanawe kuhusu mambo ya ndoa, kwa kuwa wajukuu walikuwepo. Katika Hadithi ya Tokyo niliruka sehemu kubwa ya maongezi ya wazee walevi kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Katika filamu hiyo ya Sembène yenyewe, mama mwenye nyumba alipomwita Diouana mvivu, nilitafuta neno la upole zaidi, na sijui kwa nini nilifanya hivyo mbele ya binti yule. Watu wa nyumbani kwangu walikuwa na subira ya kutosha kwa filamu ya zaidi ya saa tatu. Walichokikosa ni Kiswahili kilichoandaliwa kwa uaminifu.

Ndiyo maana naona lawama katika makala ile imeelekezwa pasipostahili. Vituo vyetu vya runinga vimekuwa vikionyesha tamthilia za Uturuki na China zilizotiwa sauti za Kiswahili, na familia nzima hukaa kuzitazama usiku hadi usiku. Maana yake ni kwamba waigizaji wa sauti wapo, studio zipo, na watafsiri wapo. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi nzima ya taaluma za Kiswahili. Kituo kimoja tu kikinunua kihalali haki za filamu hata sita za orodha hii, kikaanza na hizo mbili za Senegal, na kuzitia Kiswahili safi, kingekuwa kimefanya jambo kubwa. Ningependa siku hiyohiyo ionyeshwe pia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Riwaya hiyo niliifundisha, na katika wanafunzi wangu wa zamani ninaokutana nao barabarani wanaoikumbuka neno kwa neno, ni wachache mno walioiona filamu yake.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Ukurasa wako wa filamu kwa sasa unatueleza nani ameachana na nani na nani amenunua gari gani. Naomba robo ya ukurasa huo, mara moja kwa wiki, iwe ya uhakiki: filamu moja, imeelezwa kwa Kiswahili na mtu aliyeitazama mpaka mwisho, akisema alichokipenda na alichokikataa na sababu zake. Kura nyingine ya jarida lile ikifuata mpangilio wake itapigwa 2032. Ningetamani mmoja wa watakaopiga kura hiyo awe amejifunza kazi yake katika gazeti hili.

Ijumaa ijayo sisi tunaanza Samurai Saba ya Akira Kurosawa, yenye dakika 207. Safari hii sitatafsiri kwa kubahatisha. Nimeshaitazama peke yangu, nikisimamisha kila baada ya sentensi, na ninaiandika tafsiri yote kwa mkono katika daftari la kurasa 96, bila kuruka wala kulainisha. Binti ndiye anayeshika kidhibiti, na nikisita anauliza ni neno gani limenishinda. Tukimaliza, nikiona haina aibu, nitaileta ofisini kwako mwenyewe, ukipenda kuichapisha kwa sehemu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam